Soma Ukingo wa Nishani

Johannesburg haina bahari, haina ziwa la asili, haina hata mto wa kupitisha mtumbwi. Mji umekaa juu, mita zipatazo 1,750 kutoka usawa wa bahari, na anayetamani kuona wimbi hupanda basi la usiku mpaka Durban. Ndiyo maana Jumapili moja, nilipopita kwenye meza ya muuza vitu vya zamani nikaona nishani ya baharia imelala baina ya sarafu na vijiko, nilisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Nilikuwa nimewahi kuiona vitabuni. Ni nishani ya shaba nyeusi waliyopewa mabaharia wa meli za biashara wa Dola ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Utepe wake una rangi tatu: kijani, nyeupe na nyekundu. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa maana yake, kwani aliyekaa gatini usiku anazijua taa za meli: kijani ubavu wa kulia, nyekundu ubavu wa kushoto, nyeupe mlingotini. Mbele kuna kichwa cha Mfalme George wa Tano. Nyuma kuna meli ya shehena inapasua mawimbi, mbele yake nyambizi inazama, na kwa mbali chombo cha matanga.

Niliigeuza ubavu. Kwenye ukingo, pale pembamba ambapo kidole hupita bila kuona kitu, palikuwa na jina la mtu kwa herufi kubwa. Jina tupu, bila cheo, bila namba, bila jina la meli. Muuzaji alinitajia bei. Ukingo wenyewe alikuwa hajausoma.

Niliinunua. Jina la yule baharia silitaji hapa, kwa sababu huenda ana wajukuu, na wao ndio wenye haki ya kulitaja kwanza. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa na neno moja ninalowaambia watu, na leo naliandika kwa wengi: ndugu msomaji, ukikuta nishani ya vita nyumbani kwenu, usiishie usoni. Uso ni wa mfalme. Ukingo ni wa mtu wenu.

Nishani hiyo ilianzishwa mwaka 1919, na zilitolewa 133,135. Sharti lake lilikuwa jepesi kulisoma na zito kulitimiza: baharia awe amesafiri angalau safari moja kupita maji ya hatari. Hakutakiwa kuua mtu wala kuteka ngome. Alitakiwa kuvuka bahari yenye nyambizi ndani ya meli ambayo mara nyingi haikuwa na silaha ya maana, akiwa amebeba ngano, makaa ya mawe, nyama, baruti au watu. Baharia wa meli ya biashara si askari. Ni mpishi, ni mshika usukani, ni serahangi, ni yule kijana aliye chini kabisa mbele ya tanuri akichochea moto, ambaye kombora likipiga ndiye wa mwisho kuiona ngazi. Katika vita ya pili mambo yalikuwa hivyo hivyo, na kulikuwa na jambo moja ambalo kila ninapolikumbuka hunichoma: mpaka Mei 1941, baharia wa Uingereza ambaye meli yake ilizamishwa alikatiwa mshahara tangu siku ile ya kuzama. Yuko ndani ya mashua katikati ya Atlantiki, anagawana maji kwa kijiko, na kazi imeshaisha, malipo yamesimama.

Sasa nikupeleke Soweto.

Katika makaburi ya Avalon, walikozikwa wapigania uhuru Lilian Ngoyi na Joe Slovo, pamoja na kijana Hector Pieterson, kuna mnara wa kumbukumbu ya meli iitwayo Mendi. Ulizinduliwa Machi 1995 na Malkia Elizabeth wa Pili alipofika Afrika Kusini. Watu wengi wa hapa wanaijua Mendi kama meli ya wanajeshi. Kwa kweli ilikuwa meli ya biashara ya tani 4,230, iliyoundwa Glasgow mwaka 1905 kwa ajili ya safari za Afrika Magharibi, ikapewa jina la Wamende wa Sierra Leone. Vita ilipopamba moto serikali ya Uingereza ikaichukua ibebe watu. Mabaharia wake walibaki wale wale wa meli za biashara, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika wa Magharibi.

Januari 1917 iliondoka Cape Town ikiwa imebeba vibarua wa Kikosi cha Vibarua Wenyeji wa Afrika Kusini, vijana kutoka Pondoland, Transvaal, Natal na kwingineko, wanaokwenda Ufaransa kupakua meli, kukata magogo na kutengeneza njia. Bunduki hawakupewa, maana serikali yao iliogopa Mwafrika mwenye bunduki kuliko ilivyomwogopa Mjerumani. Alfajiri ya tarehe 21 Februari 1917, katika ukungu mzito kusini ya kisiwa cha Wight, meli kubwa iitwayo Darro, tani zaidi ya 11,000, ikaja kwa kasi bila kupiga honi na kuigonga Mendi ubavuni. Ilizama kwa muda usiofika nusu saa. Darro ilikaa karibu bila kushusha mashua hata moja. Baadaye baraza la uchunguzi lilimtia hatiani nahodha wake, nayo leseni yake ikasimamishwa kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu.

Walikufa vibarua weusi 607, wazungu tisa wa kikosi hicho, na mabaharia 30. Miili michache ilisukumwa na mawimbi hadi ufukweni; wengi sana hawakupatikana, na majina yao yameandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Hollybrook, Southampton, mahali ambapo mama zao wasingeweza kufika hata kwa ndoto. Simulizi zilizobaki kwa Waxhosa zinamtaja mchungaji Isaac Wauchope Dyobha akiwatia moyo vijana dekini, wakacheza ngoma ya kifo wakiwa miguu mitupu. Bunge la Afrika Kusini lilisimama kimya Machi ile Waziri Mkuu Louis Botha alipotoa taarifa. Lilisimama, likakaa.

Angalia kilichofuata. Vita ilipokwisha, Uingereza ilitengeneza Nishani ya Vita kwa namna mbili: ya fedha kwa wanajeshi, na ya shaba nyeusi kwa vibarua wa makoloni, Wachina, Wahindi, Wamalta na wengineo, kiasi cha 110,000. Vibarua waliotoka Basutoland, Bechuanaland na Swaziland, nchi zilizokuwa chini ya Uingereza moja kwa moja, walipewa za kwao. Maofisa wazungu waliowasimamia walipewa. Vibarua weusi wa Afrika Kusini yenyewe, serikali yao ilikataa wasipewe. Ilikataa mbele ya maombi, barua na manung'uniko ya miaka mingi, na wazee wale wakazikwa mmoja mmoja vifua vitupu.

Kwa hiyo ndani ya meli moja, katika maji yale yale ya baridi, kulikuwa na watu wa daraja mbili mbele ya mfalme. Baharia wa Mendi, awe Mwingereza au Mwafrika wa Magharibi, kwa kanuni za 1919 alistahili nishani mbili: ile ya vita na ile ya mabaharia. Kibarua wa Pondoland aliyeshikana naye mkono juu ya ubao mmoja hakustahili hata moja. Silaumu baharia, alistahili zaidi ya alichopewa. Nasema tu kwamba kipande cha shaba kama hiki tunachokiuza kwa bei ya chakula cha mchana ndicho walichokililia watu wapatao 20,000 wa nchi hii, na hawakukipata.

Afrika Kusini huru imejaribu kuziba pengo. Mwaka 2003 ilianzisha Nishani ya Mendi kwa ajili ya ushujaa, na tarehe 21 Februari imekuwa Siku ya Majeshi. Mwaka 2018 kengele ya meli hiyo, ambayo mtu asiyejitaja aliiacha gatini Swanage, Uingereza, mwaka mmoja kabla, ilirudishwa mikononi mwa Rais Cyril Ramaphosa huko Cape Town. Haya ni mazuri na nayashukuru. Lakini kengele ni ya wote, na mnara ni wa wote. Kitu cha mtu mmoja mmoja, chenye jina lake, kiko majumbani mwetu, na huko serikali haifiki.

Nawaambia hivi kwa uchungu kwa sababu kwetu tulishindwa. Babu mzaa mama alikwenda melini akiwa kijana, kama walivyokwenda vijana wengi wa Mombasa, na vita ya pili ikamkuta huko huko. Alirudi na nishani mbili. Moja ilikuwa nyota ya pembe sita, na utepe wake una rangi tatu: buluu iliyoiva kwa ajili ya watu wa bahari, nyekundu kwa majeshi ya nchi kavu, na buluu ya anga kwa marubani. Baharia wa meli ya biashara aliipata akitimiza miezi sita baharini na safari angalau moja katika eneo la vita. Nyingine ilikuwa ya duara, na nyuma yake simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Bibi alizitia kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya kiwanja. Babu alipofariki, mjomba alizipeleka kwa sonara. Sonara akaipima ile ya duara, akairudisha juu ya kioo: si fedha hii, mchanganyiko wa shaba na nikeli. Basi zikawa hazina kazi. Watoto tukazichukua, nyota ikawa beji ya polisi katika michezo yetu, na ikapotelea uani.

Tena nishani hizo za vita ya pili, zilizotolewa Uingereza, hazikuchongwa jina. Afrika Kusini ilizichonga za watu wake, namba na jina. Uingereza haikufanya hivyo. Hata leo nyota ya babu ikiokotwa chini ya mwembe, hakuna atakayejua ni ya nani. Jina lilikuwa ni kazi yetu kuliandika, nasi hatukuliandika.

Na usidhani bahari yetu ilikuwa tulivu wakati huo. Novemba 1942 meli Tilawa, iliyokuwa ikitoka Bombay kuja Mombasa, Lourenço Marques na Durban, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Walikufa watu 280. Wiki moja baadaye Llandaff Castle, iliyotoka Dar es Salaam kuelekea Durban, ikazamishwa na nyambizi ya Kijerumani. Februari 1944 Khedive Ismail iliondoka Kilindini na msafara wa meli kwenda Colombo, imejaa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi na mabaharia. Ilizama kwa dakika mbili hivi karibu na Maldives, wakafa watu 1,297. Nenda Mombasa, uliza barazani kama kuna ajuaye jina la meli hiyo. Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipata jina lake kutokana na wapagazi wa vita ya kwanza, ingawa wanaonunua nyanya pale hawalikumbuki hilo. Khedive Ismail haikuachiwa hata soko.

Basi wito wangu ni huu, na nauelekeza kwako uliye Yeoville, Hillbrow, Mayfair au Fordsburg, na kwako uliyebaki Tanga, Lamu, Unguja na Mombasa. Piga simu nyumbani wiki hii. Ukishamaliza shikamoo na habari za mvua, muulize aliye mkubwa kuliko wote: je, kuna mtu wetu aliyekwenda melini? Aliyekwenda vitani? Kuna kopo, sanduku, bahasha? Usimkatize. Mzee akianza kwa kusema hakumbuki, mwache, maneno yake huja baada ya chai.

Nishani ikipatikana, usiisugue kwa majivu wala kwa dawa ya kung'arisha shaba. Herufi za ukingo ni nyembamba, na mtu akisugua kila Idi, baada ya miaka kadhaa amelifuta jina la babu yake kwa mapenzi. Utepe usiufue. Kiboksi cha karatasi kilicholetwa na posta usikitupe, maana mara nyingi anwani iliyoandikwa juu yake ndiyo ushahidi pekee uliobaki. Weka pamoja kitabu cha baharia, picha, barua, hata risiti. Kama ukingo una jina, linakili herufi kwa herufi, hata kama wamelikosea. Kama hauna, andika wewe kwenye karatasi: jina lake, la baba yake, alikozaliwa, meli alizozitaja, na nani aliyekusimulia. Tia tarehe. Weka karatasi hiyo ndani ya kopo lile lile.

Kisha tafuta kumbukumbu. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, ina kadi za mabaharia waliopewa nishani: za vita ya kwanza ziko katika fungu BT 351, za vita ya pili BT 395, na majina yanaweza kutafutwa kwa intaneti bila kusafiri. Huko Southampton kuna kadi za mabaharia za miaka ya 1918 hadi 1921 zilizobandikwa picha. Fikiria, huenda uso wa babu wa babu yako, ambao hamna hata picha yake moja, umekaa kwenye droo ya mji huo miaka mia moja. Unapotafuta uwe mvumilivu wa tahajia. Karani wa bandari kama Cardiff aliandika alichosikia: Khamis akawa Hamis au Amis, Muhammad akawa Mahomed, na jina la baba likageuzwa la ukoo. Jaribu yote.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba nishani za mabaharia wa vita ya pili hazikupelekwa kwa kila mtu. Baharia alitakiwa kuziomba mwenyewe, na wengi hawakuomba. Wengine hawakujua kusoma, wengine hawakuambiwa, wengine walikuwa wamechoka na habari za vita. Ofisi ya usajili wa mabaharia ya Uingereza bado hupokea maombi ya jamaa wa karibu. Kama babu yako alistahili na hakuchukua, haki yake haijafa pamoja naye.

Na kwa tulio Johannesburg, tusisubiri mgeni atutembeze. Jumba la makumbusho ya vita liko Saxonwold, jirani na bustani ya wanyama. Lilifunguliwa na Jan Smuts mwaka 1947. Watoto watapenda ndege na vifaru, na kuna hata nyambizi ndogo ya Kijerumani ya mtu mmoja, imekaa nchi kavu mbali na maji kama yule baharia wangu wa mezani. Lakini wapeleke pia mbele ya picha ya Job Maseko iliyochorwa na Neville Lewis. Huyu alikuwa mpeleka mizigo wa Springs, hapa hapa mashariki ya mji. Alitekwa Tobruk mwaka 1942, akatumikishwa bandarini, na kwa kopo la maziwa lililojazwa baruti na utambi mrefu akaizamisha meli ya adui. Alipewa Nishani ya Kijeshi. Mwaka 1952 aligongwa na treni, na alizikwa kwa fedha za kukopa. Waambie watoto habari zote mbili, ya kopo la baruti na ya maziko.

Kama una nishani na huna wa kumrithisha, usiiache iende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Iulizie makumbusho, iulizie shule, iulizie msikiti au kanisa la mtaani kwenu kama watakubali kuitunza pamoja na karatasi ya maelezo. Na wewe unayeuza vitu vya zamani, sikuombi uache biashara. Nakuomba usome ukingo kabla ya kutaja bei, ulinakili jina, na umwambie mnunuzi.

Ile niliyoinunua iko kwenye droo yangu ndani ya bahasha, pamoja na karatasi yenye jina, tarehe niliyoipata na mahali. Mjukuu wake akipatikana, ni yake, bila senti moja.

Tarehe 21 Februari nitakwenda nayo Avalon. Mnara wa Mendi haulindwi na tiketi wala mlango. Mtu anaingia, anasoma, anaomba dua kwa lugha yake. Nitafika asubuhi. Njoo, na uje na jina la mtu wenu.